Ubao wa Damu wa Daktari Fisi

Sogeeni, sogeeni.

"Tumesogea!"

Masikio mmekuja nayo?

"Tumekuja nayo!"

Marefu au mafupi?

"Marefu!"

Basi yasimamisheni. Leo sina kicheko. Hadithi hii kila nikiisimulia hunipanda kichwani, na mkiniona katikati nimekaza meno, niacheni hivyo hivyo mpaka nimalize.

Hapo kale, tena si kale sana, palikuwa na mji unaitwa Mabandani. Ulikuwa mji wa sungura wa kufugwa. Binadamu waliowafuga walikwisha kuhama, wakaacha vibanda vya mbao vyenye milango ya wavu, na sungura wakabaki humo humo. Porini hawakwenda. Milango ilikuwa wazi, lakini sungura wa Mabandani akiona mlango hungoja mtu amwambie pita. Walizoea kubebwa. Walizoea kuambiwa kaa, wakakaa. Hilo ndilo linalonichoma mimi, lakini tuendelee.

Mfalme Simba akasema mji ule hauwezi kukaa bila daktari. Akauliza nani anaijua damu. Fisi akanyoosha mkono kabla swali halijaisha, na kwa kweli hakuna anayeijua damu kama Fisi. Akapewa koti jeupe, sindano, mashine ya kupimia, na wodi ya mawe yenye mlango wa chuma. Akapewa pia wafanyakazi wawili, Kasuku awe karani na Ngiri awe askari wa mlango. Ikatoka na amri: kila mwezi ukiandama, sungura wa Mabandani wakapimwe damu. Yeyote atakayechomwa sindano ile, damu yake ikaonekana iko nje ya ubao, huyo ni mgonjwa. Alazwe, na asitoke mpaka damu yake irudi ndani ya ubao.

Na huo ubao ulitundikwa pale mlangoni, una muhuri wa Fisi pembeni. Umeandikwa mistari miwili. Wa kwanza ni wa chokaa ya damu, ile inayojenga mifupa na meno: *kutoka tisa hadi kumi na moja*. Wa pili ni wa sukari, nao una mwanzo wake na mwisho wake.

Kazi ilikwenda hivi. Sungura anashikwa masikio, ananyanyuliwa juu, miguu inaning'inia. Sindano, chwi. Mashine, tiii. Kasuku anasoma namba, anageuza shingo, anasoma ubao, anasema:

"Chokaa, kumi na tatu. Mwisho wa ubao, kumi na moja. Juu. Alazwe."

Ngiri anafungua mlango, kwaaa. Anamsukuma mgonjwa ndani, puu. Anafunga, kacha.

Anayefuata. Chwi. Tiii.

"Chokaa, kumi na nne. Mwisho wa ubao, kumi na moja. Juu. Alazwe."

Kwaaa. Puu. Kacha.

Wakifika watano Fisi husema, "Vitanda vimejaa. Wengine rudini mwezi ujao, na kuleni vizuri." Nao wakashukuru. Nasema walishukuru, kwa midomo yao. Miezi ikapita, wakaingia kumi na wanane, na hakuna aliyetoka hata mmoja. Ukiuliza unaambiwa wako kwenye matibabu. Na Fisi alizidi kunenepa mpaka koti halifungi.

Sasa palikuwa na sungura jike mmoja, mdogo wa mwili, rangi ya kijivu, ncha ya sikio moja imekatika. Jina lake Kidawa. Mwezi ule foleni ilimfika yeye na kitinda mimba wake, Siwema. Siwema alikuwa mzima kabisa. Asubuhi ile alikula majani, akachimba shimo, akaruka mpaka mama yake akamwambia atulie. Fisi akamkamata masikio akamnyanyua. Siwema akapiga teke hewani, moyo unamwenda mbio hadi unaonekana chini ya manyoya. Chwi. Tiii.

"Chokaa, kumi na nne. Mwisho wa ubao, kumi na moja. Juu. Sukari nayo juu. Alazwe."

Kwaaa. Puu.

"Ngoja," alisema Kidawa. Katika mji ule hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele ya koti jeupe, hata Ngiri akasahau kufunga mlango. "Daktari, mwanangu ni mzima."

"Mashine imesema si mzima."

"Asubuhi ameruka nusu ya mji."

"Damu haiangalii kuruka, Bi Kidawa."

"Hebu niambie. Tangu uje, kuna sungura hata mmoja aliyewahi kuwa ndani ya ubao?"

"Hakuna," alisema Fisi kwa huzuni ya kujipaka. "Mji wenu una maradhi makubwa. Na yatakosekanaje? Nimewaona alfajiri, mnakula choo chenu wenyewe."

Wale wa kwenye foleni wakainamisha vichwa kwa haya. Haya ya nini? Kila sungura hutoa kile choo laini cha alfajiri akakila tena, ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa, asipokila ndipo anapougua. Lakini ukiambiwa na mwenye koti, hata tumbo lako unalionea aibu.

Kidawa hakuinama. "Ubao huu ulipimwa kwa nani?"

"Kwa mwenye afya."

"Nani huyo?"

Fisi akacheka kile kicheko chake kirefu. "Mimi. Siku niliyopewa koti nilijichoma mwenyewe, nikaandika. Hapa nani ana afya kunishinda mimi?"

"Kumbe ubao ni wa fisi. Sisi ni sungura."

"Damu ni damu, Bi Kidawa," alisema Fisi. "Damu ni damu. Mwanao atatibiwa keshokutwa mchana. Mwache ale kwanza, amekonda kidogo."

Kacha.

Kidawa alirudi nyumbani bila mtoto. Hakulia. Aliushika mwimo wa kibanda chake kwa meno akautafuna, krr krr krr, mpaka vipande vya mbao vikamwagika miguuni. Alikuwa na hasira na Fisi, hilo linajulikana. Lakini alikuwa na hasira na mji pia, na alikuwa na hasira na yeye mwenyewe, kwa sababu miezi yote ile alisimama kwenye foleni kama wenzake, na kila zamu ikimpita alishusha pumzi. Majirani kumi na wanane waliingia yeye akishusha pumzi. Hilo lilimkera kuliko vyote.

Akamwendea Mzee Kibwana, mkubwa wa mji, aliyekuwa amelala kwenye nyasi zake kavu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Pole."

"Sikuja kupokea pole. Wale watu wanaliwa."

Mzee Kibwana akatazama huku na huku. "Usiseme hivyo. Mashine haina chuki na mtu. Ikisema mgonjwa, ni mgonjwa."

"Mashine inasema kumi na nne tu. Anayesema mgonjwa ni ubao, na ubao ameuandika yeye kwa damu yake. Siku ukifika wewe kwenye foleni, utamshikia koti wakati anakula?"

Pua ya Mzee ikacheza. "Sisi tutafanya nini?" alisema. "Hatuna meno ya kumuuma Fisi. Kitu tunachokijua ni kukaa."

"Hicho hicho nakitaka," alisema Kidawa. "Nipe sungura arobaini wanaojua kukaa."

Kumbe pale mlangoni Kidawa aliona kitu. Aliona kwamba Kasuku hamtazami kabisa anayepimwa. Anasoma namba, anasoma ubao, basi. Na aliona kwamba Ngiri hamsikilizi Fisi, anamsikiliza Kasuku, na kwa Kasuku anasikiliza neno moja tu, la mwisho.

Kesho yake jua likichomoza akaenda kwa Fisi, akainama, sauti laini mno. Sauti ile ilimchubua koo.

"Daktari, naomba radhi kwa maneno ya jana. Uchungu wa mama."

"Yamekwisha, Bi Kidawa."

"Ila mji umeanza kunong'ona. Wanasema ubao si wao. Wengine wanataka kukimbilia porini."

Fisi akaacha kujichokonoa meno. Porini? Wote wale, na nyama yao yote, porini?

"Nimewatuliza," alisema Kidawa. "Nimewaambia Daktari atakuja kuwapima huko huko nyumbani, arobaini kwa mpigo, aandike ubao mpya kwa damu yao. Wakijiona kwenye ubao hawataulizana tena. Kesho nitawaleta wenyewe hapa mlangoni, wote arobaini, hutamvuta hata mmoja."

"Arobaini," alisema Fisi. Mate yakamdondoka kwenye koti, to, to, to.

Akafikiri. Alijua siri moja ya kazi yake: sungura akitishwa, sukari ya damu hupanda hapo hapo. Kwa hiyo waandike wanachotaka, alijisemea moyoni. Kesho nitawashika masikio nitawaning'iniza, sukari itapita ubao wowote ule. Basi akachukua sindano na mashine, akamwita Kasuku, wakaenda Mabandani.

Kidawa akaweka sharti. "Leo hakuna masikio. Kila mtu apimwe kibandani kwake, akitafuna."

"Vyema sana," alisema Fisi.

Wakapita kibanda kwa kibanda. Kidawa alichagua wazima tu, wanaokula vizuri, wadogo na wakubwa, madume na majike. Chwi, mdogo mdogo. Tiii. "Chokaa, kumi na mbili," alisema Kasuku. Chwi. Tiii. "Kumi na nne." Chwi. Tiii. "Kumi na tatu." Sungura wakatafuna, Kasuku akasoma, Kidawa akaandika, na Fisi akapapasa mbavu za kila mmoja kupima unene kwa kidole. Arobaini walipokwisha, wa chini kabisa alikuwa na kumi na mbili na wa juu kabisa kumi na tano. Sukari nayo ikaandikwa ya watu waliotulia.

"Piga muhuri, Daktari," alisema Kidawa.

Fisi alikuwa anamtazama Mzee Kibwana, ambaye alikuwa na mapaja mazuri. Akapiga muhuri, pwa, bila kusoma. Ubao wa zamani ukateremshwa, ukatundikwa mpya.

Siku ya tatu ikafika, siku ya matibabu ya Siwema. Jua limepanda, sungura arobaini wako nje ya wodi na Kidawa mbele yao. Fisi ametoka na koti limepigwa pasi, tumbo tupu tangu jana ili pawe na nafasi. Ngiri yuko mlangoni. Kasuku yuko juu ya ubao.

"Karibuni. Wa kwanza ni nani?"

Hakuna aliyesogea.

"Wa kwanza ni nani?" aliuliza Fisi tena.

"Daktari," alisema Kidawa, "kwetu Mabandani aliyeleta chakula huonja yeye kwanza, wenzake ndio wakala. Na sindano ni hivyo hivyo. Aliyekuja nayo huanza yeye."

"Mila gani hiyo? Hamkuidai tangu nije."

"Tulisahau. Tumekumbuka." Akawageukia wenzake. "Kaeni."

Wakakaa. Sungura arobaini walikaa chini kwa pamoja, bufu, vumbi likapanda. Lilikuwa jambo la pekee walilolijua vizuri maishani mwao, na siku ile walilifanya mpaka likafaa. Hata Mzee Kibwana alikaa, anatetemeka, lakini amekaa.

Fisi aliwatazama, akasikia tumbo lake linanguruma, nguruu, nguruu. Ni tone moja tu la damu, akafikiri. Baada ya tone moja, arobaini. Akanyoosha mkono, akajichoma.

Chwi. Tiii.

Kasuku akasoma namba. Akageuza shingo. Akasoma ubao.

"Chokaa, kumi. Mwanzo wa ubao, kumi na mbili. Chini. Alazwe."

Fisi akacheka. "Kasuku, ni mimi."

"Alazwe," alisema Kasuku.

Ngiri akamjia. Alimshika Daktari masikio, kama alivyomwona yeye akiwashika wagonjwa wake.

"Kabla hujamwingiza," alisema Kidawa, "waliomo ndani wana haki ya kupimwa kwa ubao huu wenye muhuri. Karani, siyo?"

"Ubao una muhuri," alisema Kasuku. "Wapimwe."

Kwaaa. Kidawa mwenyewe aliingia na sindano na mashine, akawakuta wamejikunyata kwenye kona. Akawapapasa mgongo mpaka wakatulia, akawachoma mmoja mmoja. Chwi. Tiii. "Kumi na tatu," alisema Kasuku. "Ndani ya ubao. Atoke." Chwi. Tiii. "Kumi na mbili. Ndani ya ubao. Atoke." Chwi. Tiii. "Kumi na nne. Ndani ya ubao. Atoke."

Huyo wa kumi na nne alikuwa Siwema. Alitoka akipepesa macho kwa mwanga, akaenda kujibanza ubavuni mwa mama yake.

Kidawa akangoja. Mlango ulikuwa wazi na hakuna mwingine aliyetoka. Siwema alikuwa wa kumi na tisa kuingia, na waliotoka ni watatu.

"Wengine wako wapi?" alimuuliza Ngiri.

"Hao walishatibiwa," alisema Ngiri.

Watu wangu, kuna hasira ya kupiga kelele na kuna hasira isiyo na sauti. Kidawa alisimama pale akawataja kwa majina, wote kumi na sita, taratibu, na kila jina likitajwa kuna mtu katika wale arobaini aliyeinua kichwa. Mzee Kibwana aliinua kichwa mara mbili. Majina yalipokwisha, Kidawa akamgeukia Fisi aliyekuwa ananing'inia kwenye mkono wa Ngiri, miguu inapiga hewa.

"Bi Kidawa," alisema Fisi, na sauti yake sasa ilikuwa nyembamba. "Waambie. Wewe una akili, unajua. Mimi si mgonjwa. Ubao ule ni wa sungura. Mimi ni fisi."

"Nilikuambia maneno hayo hayo mlangoni hapa," alisema Kidawa. "Unakumbuka ulinijibu nini?"

Fisi akageuza macho kwenye ubao.

"Damu ni damu, Daktari."

Puu. Kacha.

Na amri ni amri: hatoki mpaka damu yake irudi ndani ya ubao. Humo ndani anapewa chakula cha wagonjwa wa Mabandani, majani makavu asubuhi, majani mabichi jioni. Kuhusu kile choo laini cha alfajiri, walimwambia ndiyo dawa yenyewe, na kama hana cha kwake ataazimwa. Kila mwezi ukiandama, Ngiri humnyanyua masikio. Chwi. Tiii. "Chokaa, kumi. Mwanzo wa ubao, kumi na mbili. Chini. Alazwe." Mwezi hadi mwezi, na koti jeupe siku hizi linafunga vizuri sana.

Kidawa akarudi kibandani kwake na mwanawe. Ule mwimo alioutafuna hakuutengeneza. Mlango wake tangu siku hiyo haufungi, na yeye akitaka kutoka hutoka, hamngoji mtu amwambie pita.

Haya, funzo. Najua mnalingoja, bila funzo hamlali. Funzo la hadithi hii ni utii. Daktari akikwambia u mgonjwa, jilaze. Ubao ukiwa na muhuri, usitake kujua ulipimwa kwa nani. Kaa kwenye foleni, nyanyuliwa masikio, shukuru. Mmeona wenyewe hasara ya maswali: mama mmoja aliuliza swali moja, na Daktari mzima, mtu wa watu, sasa anakula nyasi.

Mmesikia?

"Tumesikia!"

Mtatii?

...

Mbona kimya? Vizuri. Hadithi nimeitua hapo. Iliyokunogea ondoka nayo, na iliyokukwama kooni mpelekee Fisi wodini, yuko kwenye matibabu.